Haki za binadamu: tunaziamini au tunazisema tu? Maswali ninayoulizwa mara kwa mara Dodoma

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Kazi yangu ni kukaa na watu kwenye ofisi za kata, vibarazani, chini ya mibuyu huko Bahi na Chamwino, na mara nyingine kwenye benchi la kituo cha polisi nikimsubiri mkuu wa kituo amalize chai. Maswali yanajirudia, kwa hiyo nimeyaandika hapa na majibu yake. Panapohitajika wakili nitasema.

Hivi watu wanaamini kweli haki za binadamu, au ni maneno ya semina?

Ukimuuliza mtu, anaamini. Sijawahi kukutana na mtu Dodoma aliyeniambia haamini. Huu ni mji wa semina. Hakuna wiki ukumbi fulani haujatundikwa bango lenye neno "haki". Watu wanasikiliza, wanachangia vizuri, wanasaini posho, wanarudi nyumbani. Nyumbani kuna dada wa kazi ambaye hajalipwa tangu Pasaka.

Zamani jambo hili lilikuwa linaniudhi. Siku hizi sihangaiki na imani ya mtu, naomba daftari. Nikifika shuleni naomba kitabu cha adhabu. Nikifika kijijini naomba muhtasari wa mkutano mkuu. Kituoni nauliza mtuhumiwa ameandikwa kuingia saa ngapi. Nyumbani kwa mheshimiwa nauliza kama dada ana mkataba. Majibu ya maswali hayo yananieleza zaidi kuliko hotuba.

Na nimeona kinyume chake pia. Kuna mtendaji wa kijiji mmoja upande wa Bahi ambaye ukimtajia haki za wanawake anacheka, anasema hayo ni ya watu wa mjini. Lakini ni mtu wa kuandika. Mkutano mkuu anauitisha kila miezi mitatu kama sheria inavyotaka, anasoma muhtasari uliopita kwa sauti mpaka watu wanasinzia, na likija suala la ardhi anahesabu mikono ya wanawake na ya wanaume, anaandika zote mbili. Katika kijiji chake sijapokea kesi ya mjane aliyenyang'anywa shamba. Kijiji cha jirani mwenyekiti anahubiri usawa kila Machi 8, na nimepokea kesi za kutosha.

Lakini haya si mambo ya Wazungu?

Swali hili huulizwa na wanaume zaidi, na mara nyingi linaulizwa shamba likiwa tayari limeuzwa.

Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipitishwa Paris, Desemba 10, 1948. Nchi 48 zilikubali, hakuna iliyokataa, 8 hazikupiga upande wowote. Miongoni mwa hizo 8 kulikuwa na Umoja wa Kisovieti, Saudi Arabia na Afrika Kusini, ambayo mwaka huohuo ilikuwa imeanza rasmi siasa ya ubaguzi wa rangi. Uingereza, Ufaransa na Ubelgiji zilinyosha mkono kukubali kwamba binadamu wote huzaliwa huru, huku zikiwa zinatawala zaidi ya nusu ya Afrika. Sisi Tanganyika tulikuwa chini ya Mwingereza siku hiyo, na hakuna aliyetuuliza.

Kwa hiyo, kama swali ni nani aliziamini, jibu ni kwamba walioandika wenyewe hawakuzishika. Waliozishika wakazifanyia kazi ni waliokuwa wanatawaliwa. TANU iliweka kwenye imani yake kwamba binadamu wote ni sawa, na ikadai uhuru kwa hoja hiyohiyo. Ukienda Kongwa leo, mwendo wa saa chache tu kutoka hapa mjini, utaona mahali ambapo kuanzia miaka ya 1960 walikaa wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia na wengine. Wazee wa Kongwa wanawakumbuka. Hakuna Mzungu aliyetuagiza tuwapokee.

Sasa, usije ukajisifu mno. Nchi hiyohiyo, tangu 1962, ilikuwa na sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Na mwaka 1976 wanachama wa SWAPO waliokuwa wanaulalamikia uongozi wao, akiwemo Andreas Shipanga, walikamatwa Zambia wakahamishiwa magereza ya Tanzania, wakakaa humo mpaka 1978 bila kesi. Waliletwa hapa kwa sababu Zambia mahakama ingeweza kuuliza kwa nini wanashikiliwa. Yaani tuliwapokea waliokimbia udhalimu, na tukawafungia wengine waliokuwa wanauliza maswali. Yote mawili ni historia yetu, na mtu akinisimulia moja tu huwa namuongezea ya pili.

Katiba yetu inasemaje?

Fungua Ibara ya 12 hadi 24. Ibara ya 12 inaanza hivi: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Baada ya hapo kuna usawa mbele ya sheria, uhai, faragha, kwenda utakako, maoni, dini, mikusanyiko, kazi, ujira wa haki, na mali. Ibara ya 25 hadi 28 ni wajibu wako, usiziruke.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Katiba ya uhuru haikuwa na sura hiyo. Iliingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na hata hapo serikali ikaomba muda: mtu hakuruhusiwa kuitumia mahakamani mpaka Machi 1988. Miaka hiyo ilikuwa ya kupitia sheria zilizopo na kuondoa zinazopingana na haki. Zilizoondolewa ni chache. Ilichukua kesi za watu binafsi kuzisukuma nyingine.

Mwizi naye ana haki gani? Yeye aliheshimu ya nani?

Hili ndilo swali linalopata makofi kwenye mikutano. Nikilijibu, makofi yanakwisha.

Ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike ana hatia. Haisemi "isipokuwa kibaka". Anayempiga mwizi hadi kufa ameua, na anayesimama pembeni akipitisha tairi ni mshirika wake. Gazeti likiandika "wananchi wenye hasira kali", polisi bado wana kazi ya kutafuta majina ya hao wananchi.

Nilishuhudia mara moja, jioni, kwenye soko moja hapa mjini. Kijana alikuwa amenaswa na simu ya mtu mkononi. Walishamvua shati, na mmoja alikuwa anauliza nani ana petroli, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba chenji. Aliyewazuia alikuwa mama lishe. Alitoka na mwiko wake akasimama katikati, akasema: "Mnamchoma hapa? Mbele ya sufuria zangu? Kesho nani atakula kwangu?" Akamshika yule kijana mkono, akamkalisha kwenye benchi la wateja, akamtuma mtoto kumwita mgambo. Watu wakabaki wanamtazama yeye badala ya mwizi. Hasira ikapoa.

Nilikwenda kumpongeza. Akanishangaa. "Wezi wachomwe tu, baba. Ila si hapa kwangu."

Kijana alikuwa mwizi kweli, alikiri mahakama ya mwanzo, akafungwa. Simpambi. Alipata alichostahili mtu yeyote: kushtakiwa kwa jina lake, kuulizwa kama ni kweli, kupewa adhabu yenye mwanzo na mwisho. Na aliyempatia hayo haamini hata kidogo ninayoyafundisha.

Na muuaji? Kwa nini hawanyongwi?

Adhabu ya kifo bado ipo kwenye sheria, na kwa kosa la kuua kwa kukusudia jaji hana adhabu nyingine ya kuchagua. Lakini hakuna aliyenyongwa tangu katikati ya miaka ya 1990. Marais waliofuata hawakusaini.

Wengi hawajui kwamba kesi kubwa kuliko zote kuhusu jambo hili ilisikilizwa hapahapa Dodoma. Mwaka 1994, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, akiwa na washtakiwa wawili wa mauaji mbele yake, alisema adhabu ya kifo inavunja Katiba: ni ya kikatili, inadhalilisha utu, na inaondoa uhai ambao Ibara ya 14 inaulinda. Akawapa kifungo cha maisha. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye kwamba kunyonga ni adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha, kisha ikasema inaruhusiwa, kwa sababu Ibara ya 30(2) inaruhusu sheria kubana haki kwa maslahi ya jamii.

Nimeisoma hukumu hiyo na kila nikiirudia inanisumbua. Sina ugomvi na mantiki yake. Majaji waliieleza vizuri. Ninachokiona ni kwamba mahakama inaweza kukiri waziwazi kwamba kitu ni cha kikatili na bado ikakiacha. Ukitaka kujua watu wanaaminije haki za binadamu, ndivyo wanavyoamini, kuanzia majaji mpaka sisi wengine: ndiyo, lakini.

Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha, iliamua kwamba kumlazimisha jaji atoe adhabu ya kifo bila kuangalia mazingira ya kosa ni kuvunja haki ya uhai. Mwezi huohuo wa Novemba serikali ilijitoa kwenye tamko linaloruhusu mwananchi mmojammoja kwenda mahakama hiyo. Kujitoa kukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Mlango huo umefungwa kwa kesi mpya za watu binafsi.

Kwa hiyo haki zina mipaka?

Zina mipaka, na Ibara ya 30 ndiyo inayoiweka. Mtu akikuambia haki yako imebanwa kwa maslahi ya umma, muulize ni sheria gani imeibana. Asipoweza kuitaja, amekubana yeye.

Mwalimu anaruhusiwa kumchapa mwanangu?

Tanzania bara, viboko shuleni havijapigwa marufuku. Binafsi naona vingepaswa kuondoka, lakini swali lako ni la sheria, kwa hiyo nakupa sheria. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, kwa kosa zito tu. Vinatolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila mara iandikwe kwenye kitabu: jina la mtoto, kosa, idadi ya viboko, jina la mwalimu. Mwalimu mkuu anasaini.

Nenda shuleni kwa adabu uombe kukiona hicho kitabu. Mzazi mmoja wa Nkuhungu alifanya hivyo baada ya mwanawe kurudi na mgongo uliovimba. Mwalimu mkuu alitafuta kwenye kabati, akakuta kitabu kipo, ukurasa wa mwisho ulioandikwa ulikuwa wa miaka mingi nyuma, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu ambaye alishastaafu. Walimu waliokuwepo ofisini walicheka, yeye mwenyewe hakucheka. Kitabu kikaanza kujazwa tena. Viboko vilipungua pale, nadhani kwa sababu kuandika "kachelewa dakika tano, vinne" na kuweka jina lako mbele yake ni jambo la aibu kidogo.

Dada wa kazi ni mtoto wa ndugu, namlea. Kuna haja ya mkataba?

Ipo. Kama anaamka kabla yako na kulala baada yako, ni mfanyakazi. Aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa, hata akiwa mtoto wa shangazi yako kutoka Mpwapwa. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida anayelala kwa mwajiri. Amri hizi hubadilika, kwa hiyo ulizia iliyopo sasa ofisi ya kazi. Ana haki ya mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki na likizo ya mwaka yenye malipo. Kumsomesha cherehani ni jambo jema ila halihesabiki kuwa mshahara.

Akidai, anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akiachishwa kazi ana siku 30 za kufungua shauri, madai mengine siku 60. Ninawaambia akina dada waziwazi muda huo, na kuna waajiri walioacha kunisalimia.

Sisi Wagogo tuna mila zetu. Mnataka kuzifuta?

Ngoma, nyimbo, mlenda na ugali wa uwele: hakuna sheria inayogusa. Najua lakini kwamba swali halihusu mlenda. Linahusu ukeketaji, basi tulitaje.

Sheria ya 1998 ya makosa ya kujamiiana ilifanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi 15, au faini, au vyote viwili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta karibu nusu ya wanawake wa Dodoma wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 10. Kufikia utafiti wa 2022 wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8. Ila takwimu hizi zinahesabu mama zao. Za watoto wa leo ni ngumu kuzipata, kwa sababu wanakeketwa wachanga, kimyakimya, siku chache baada ya kutoka kliniki.

Na sababu inayotolewa ni lawalawa. Wasomaji wa Singida na Dodoma mnaijua: mtoto wa kike anawashwa, anatoa usaha sehemu za siri, analia akikojoa. Bibi anasema ni mizimu, dawa yake kumkata. Zahanati inasema ni maambukizi ya kawaida, yanatibika kwa dawa na usafi. Yule bibi hamchukii mjukuu. Anaamini anamponya. Ukimwambia "unavunja haki za binadamu" anakuona mwendawazimu, maana yeye anaona anaokoa uhai.

Nilichoona kikifanya kazi si bango. Ni muuguzi wa zahanati mmoja anayewaita akina bibi wenyewe siku ya kliniki, anawaonyesha mtoto mwenye "lawalawa", anampa dawa, na kuwaita tena wiki inayofuata wamtazame mtoto huyohuyo. Halafu anaandika kwenye kadi ya mtoto alichotibu. Bibi mmoja alimuuliza kama mizimu imeipenda ile dawa. Muuguzi akajibu kwamba inaelekea imeipenda. Mimi ningebishana naye. Yeye aliona mtoto amepona, akaendelea na foleni.

Kwa nini msichana anaolewa na miaka 15 wakati mahakama ilishakataza?

Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, na wa miaka 14 kwa kibali cha mahakama. Mvulana, bila kibali hicho, mpaka afike 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alifungua kesi, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019, ikapewa mwaka mmoja irekebishe. Mwaka ukapita, ikapita mingine, wabunge wakija na kuondoka hapa mjini, na marekebisho hayakuletwa. Kisingizio kilikuwa kukusanya maoni ya wananchi. Maoni juu ya haki ambayo mahakama ya juu kabisa ilishaiamua!

Kuna upande mmoja uliosogea. Msichana aliyepata mimba alikuwa harudi shule ya serikali. Novemba 2021 serikali iliruhusu arudi. Kwa hiyo ukisikia mwalimu anamkatalia leo, mpeleke kwa afisa elimu wa wilaya.

Mume wangu amefariki, ndugu zake wanataka shamba.

Pole, mama. Usihame. Usisaini kitu chochote msibani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ni mwanamke. Tatizo ni kwamba zile kanuni za mila za mwaka 1963 zinazomweka mjane nje ya urithi bado hazijafutwa, na ndizo mashemeji wanazozikumbuka. Nenda mahakama ya mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi kabla yao. Chukua cheti cha kifo, cha ndoa kama kipo, majina ya watoto, na muhtasari wa kikao cha ukoo. Kikao kikikugomea muhtasari, nenda hivyohivyo, ueleze kwamba umegomewa.

Kwa walioko mjini hali ni nyingine. Wengi wanaokuja kwangu migogoro yao ilianza enzi za CDA, mamlaka iliyoundwa 1973 kujenga makao makuu na kuvunjwa Mei 2017. Watu walikuta mashamba ya babu zao yamechorwa viwanja. Ibara ya 24 inakataza kunyang'anywa mali bila fidia inayostahili, na mzee wa Kigogo mwenye miembe yake anaielewa ibara hiyo kuliko profesa. Wenye kesi kama hizo, tafuteni wakili. Mimi hapo nafika mwisho.

Na serikali yenyewe inaamini?

Serikali ni watu wengi. Yupo askari anayekwambia kwa hiari yake kwamba dhamana ni bure, na yupo anayesubiri uguse mfuko. Mtu aliyekamatwa kwa kosa lenye dhamana akikaa kituoni zaidi ya saa 24 bila kufikishwa mahakamani, ndugu waulize kwa nini, kwa sauti ya upole, huku mkiandika jina la unayemuuliza. Makosa kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha hayana dhamana, msipoteze nguvu hapo.

Kwenye siasa, mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa kuanzia 2016 na ikaruhusiwa tena Januari 2023. Kisha ukaja uchaguzi wa Oktoba 29, 2025: maandamano, watu wakauawa, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Novemba 14 Rais alilihutubia Bunge hapa Dodoma, akatoa pole kwa waliopoteza ndugu na kutangaza tume ya uchunguzi. Waliofiwa wanaokuja kuniuliza hawaulizi kama serikali inaamini haki. Wanauliza cheti cha kifo kimeandikwa nini kwenye sehemu ya sababu.

Naweza kuishtaki serikali?

Unaweza, Mahakama Kuu, kwa Ibara ya 30(3). Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 yaliweka sharti la kuonyesha jinsi wewe mwenyewe ulivyoumizwa. Kabla ya hapo mtu aliweza kufungua kesi kwa niaba ya umma kwa urahisi zaidi.

Nianzie wapi kama sina hela ya wakili?

Kwenye Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Makao makuu yake yapo hapahapa Dodoma, na kulalamika ni bure. Tume haigusi kesi iliyoko mahakamani, na ikimaliza uchunguzi inatoa mapendekezo, haifungi mtu. Watu hukatishwa tamaa wakisikia hivyo. Lakini barua ya Tume inayomtaka mkuu wa idara ajieleze imewahi kuamsha mafaili yaliyolala miaka.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inakupa haki ya msaada bila malipo kama huna uwezo. Halmashauri ina msajili msaidizi, muulize. Kampeni ya Mama Samia ya msaada wa kisheria, iliyozinduliwa hapa mwaka 2023, hupita vijijini. Wakifika kwenu msiende mikono mitupu.

Niende na nini?

Kitambulisho chochote. Karatasi zote, hata iliyochanika au iliyomwagikiwa chai. Tarehe, na kama huikumbuki, sema ilikuwa kabla au baada ya mavuno. Majina ya waliokuwepo na namba zao za simu. Namba ya RB, yaani ya taarifa yako, kama ulifika polisi. Kama uliumizwa, nakala ya PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Nenda na mtu mmoja anayejua kusoma, asiwe shemeji.

Jumatano sipo mjini, nakuwa Chamwino ofisi ya kata. Ukinikuta na foleni, andika jina lako kwenye daftari lililo mezani, na saa uliyofika.